Viti Viwili

Jere Voutilainen, kijana wa dukani, tai imempinda,
aligeuza kompyuta inielekee, akasema:
"Tuanze na rangi, Bi Irja. Mengine yatajipa."

Rangi kumi na tisa.
Nyekundu tu zilikuwa nne,
kila moja na jina refu kuliko la mchungaji wetu.
Nyeupe niliikataa kabla hajamaliza kuitaja:
basi la shule lilikuwa jeupe,
na barabara ya Ristijärvi nyeupe miezi sita,
na wodi ya Eino, na shuka lake.
Nyeupe nimekwisha kuila nikashiba.
Nikachagua ile ya matunda ya kinamasini,
yale ya Agosti, machungwa yaliyokolea,
ambayo ukiyafuata sana buti hubaki kwenye tope.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Ila mimi nimelima na jembe la serikali
miaka thelathini na moja,
vichwa arobaini na vinane nyuma yangu,
kilomita sitini kwa saa, isizidi hata moja,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
nataka mshono wa usukani uwe na uzi gani.
Nilikwenda nao nyumbani, uzi huo. Nililala nao siku mbili.
Kijivu.

Halafu mlio.
Jere akabonyeza mahali, spika zikanguruma,
mzee aliyekuja kununua matairi akaruka.
Euro elfu mbili na mia nne, kwa kelele!
Mimi niliyepewa kelele bure kila asubuhi,
saa moja na robo, mvua au barafu.
Nikalipa.

"Kiti cha abiria nacho kipashwe moto?"
"Kipashwe."
"Mtakuwa wawili?"
"Andika tu, mwanangu."

Pasi alipiga simu kutoka Tampere.
Mama, una miaka sabini na miwili,
gari lenyewe liko chini kama mkeka, utaingiaje?
Nikamwambia kuingia si kazi.
Kazi ni kutoka,
na sina haraka ya kutoka.

Niliagiza Februari. Waliahidi Juni.
Juni ikaleta barua: kiwandani kumekosekana kipande,
kidogo kama punje ya dengu,
na bila hicho gari zima ni sanamu.
Ahadi ni deni, na Jere akawa mdeni wangu,
akiniona sokoni anageukia samaki.
Usiku wa kiangazi ukapita bila giza,
lami kavu, imenyooka, inameta,
mimi juu yake na baiskeli na kikapu cha viazi.

Nilihamisha skii za Eino, na chupa za jamu,
nikachora chokaa sakafuni mwa banda:
mita nne na sentimita thelathini na nane,
upana kadiri walivyoandika.
Jioni naweka kigoda cha jikoni
ndani ya mchoro, upande wa kushoto,
nakaa.
Jirani Raili aliniona siku moja. Hakuuliza.
Siku ya pili alikuja na kigoda chake.

Lilifika tarehe ishirini na tisa Oktoba
juu ya lori, limefunikwa kama bibi harusi,
na theluji ilikuwa imeanza alfajiri ileile.
Jere akasafisha koo.
Matairi haya ni ya kiangazi, Bi Irja.
Labda Mei.

Wakalisukuma polepole hadi ndani ya chokaa.
Likaenea, likabakiza kidole.

Walipoondoka niliingia. Magoti yalilalamika, yakanyamaza.
Ngozi mpya, harufu kama ya viatu vya siku ya kwanza shuleni.
Mkono ukapanda wenyewe kwenye kioo,
ukakiinamisha, nikahesabu vichwa.
Nikahesabu tena.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kiti cha pili,
nikangoja kipate moto,
nikaenda kumgongea Raili.